FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

(Hotuba juu ya ulinzi wa vijiji, iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi wa shamba. Tunaichapa yote kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria. Mhariri.)





Nakushukuruni kwa kuacha kazi zenu na kuja kunisikiliza. Najua wako hapa waliotoka mbali kwa miguu, na wako kina mama walioacha mwani juu ya chanja ilhali mvua inanyemelea. Kwa hivyo sitawachosha kwa maneno ya kujipamba. Nimetakiwa niseme juu ya ulinzi wa vijiji vyetu, na juu ya hayo tu nitasema. Leo sikuja kuomba kura, wala sikuja kumtukana mtu.

Nilipokuwa mtoto shamba, usiku mmoja jirani yetu alivunjiwa zizi lake. Aliyetangulia kusikia alipiga ukunga. Ukunga ule ulipokewa na nyumba ya pili, ukapokewa na ya tatu, ukavuka bonde, na kabla birika halijachemka watu walikuwa wamekwishajaa njiani na mienge ya makuti, huyu ana panga, huyu ana mpini wa jembe, na yule ana mikono mitupu. Ng'ombe alikutwa amefungwa kwenye mnazi karibu na barabara. Mwizi alikimbia, na muda mrefu hakurudi. Usiku ule hakuna aliyeuliza mwenye ng'ombe ni wa chama gani, wala babu yake alitoka pwani ipi.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kile kile, ng'ombe wa mzee mmoja alichinjwa usiku bondeni. Wezi walichukua nyama, wakamwachia kichwa, ngozi na matumbo. Nilikwenda kumpa pole, nikaambiwa kwamba mzee yule alipiga ukunga mpaka sauti ikamkauka, na hakutoka mtu. Nikamwuliza jirani yake, mtu mzima mwenye staha zake, "Bwana, wewe hukusikia?" Akanijibu, "Nilisikia. Walakini sikujua aliyeko nje ni mwizi, au ni mkamata wezi, au ni wale wajao usiku kwa mambo ya siasa. Nikatia komeo."

Ndugu wananchi, jawabu ile haijanitoka moyoni. Mtu yule si mwoga na wala si mbaya. Amefundishwa kutia komeo. Na madhumuni ya maneno yangu ya leo ni haya: kijiji hakilindwi kwa wingi wa askari wala kwa ukubwa wa bunduki. Kijiji hulindwa na amana iliyopo baina ya mwenye kupiga ukunga na mwenye kuusikia. Amana hiyo ikipotea, hata kila kipenu kikiwa na kituo cha polisi, ng'ombe watachinjwa bondeni.

POLISI TULIYOIRITHI

Yafaa kwanza tujue polisi hii tuliyonayo imetoka wapi.

Mwingereza, katika nchi yake mwenyewe, alianza kama tulivyoanza sisi. Sheria iliyotolewa Winchester mwaka 1285 iliwalazimisha wanakijiji kuitikia ukunga na kumfuata mhalifu mpaka akamatwe. Kwa karne nyingi baada ya hapo, konstebo wa kijiji alikuwa ni mtu wa pale pale, jirani miongoni mwa majirani, aghlabu hana mshahara. Mwaka 1829 Robert Peel alianzisha polisi wa London, na ilikuwa ni mwaka 1856 ndipo sheria ilipoyalazimisha majimbo yote ya shamba katika Uingereza na Wales yawe na polisi ya kulipwa. Polisi wale hawakufanywa jeshi, na hata leo askari wa kawaida katika nchi ile huzunguka bila ya bunduki.

Lakini Robert Peel huyo huyo, miaka 15 kabla ya London, mwaka 1814, alikuwa ameanzisha kikosi cha namna nyingine katika Ireland, nchi iliyotawaliwa na isiyoridhika. Kutokana na mwanzo ule kilikua kikosi chenye silaha, kikaacho kambini, chenye kuwatazama wananchi kama watu wa kuchungwa. Na Mwingereza alipokuja kuunda polisi katika makoloni yake, aghlabu hakutuletea konstebo wa kijiji. Alituletea sura ya Ireland.

Sura hiyo wazee wetu waliiona kwa macho yao. Mwaka 1951 Serikali iliamuru ng'ombe wa wakulima wachanjwe kuwakinga na kimeta. Wakulima wa Kiembe Samaki, ambao tayari walikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege, walikataa. Walikamatwa, wakashitakiwa, na tarehe 30 Julai wananchi walipojaa mjini kwa ajili ya kesi ile, mapambano yalizuka, polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Hayo ndiyo yaitwayo Vita vya Ng'ombe. Sasa zingatieni jambo moja. Huenda ile sindano ilikuwa na kheri ndani yake, kwani kimeta ni maradhi ya kuua ng'ombe na watu. Lakini aliyeileta alikuwa hana amana kwa wakulima, na dawa njema mikononi mwa asiyeaminiwa huonekana kuwa sumu. Ndivyo yalivyo mambo ya ulinzi pia.

Walakini tusimtupie mgeni kila lawama. Juni 1961, katika siku za uchaguzi, watu 68 waliuawa katika kisiwa cha Unguja. Wengi wao walikuwa ni Wamanga wa shamba, wenye vijiduka vya mafuta ya taa na sukari, ambao wateja wao walikuwa ni jirani zao. Serikali ililazimika kuleta askari kutoka Kenya. Sikuyataja haya kwa kufukua makaburi. Nimeyataja kwa kuwa wako watu wanaodhani ya kwamba khatari hutoka nje ya kijiji siku zote. Mwaka ule khatari ilitoka nyumba ya pili, na siasa ndiyo iliyoifungulia mlango. Nasi wanasiasa, wa vyama vyote, na sisi wa upinzani tukiwemo, sharti tulikumbuke hilo kila tunaposhika kipaza sauti.

Kisha likaja jaraha jengine, ambalo wengi katika nyinyi mnalijua bila ya kusimuliwa. Mwishoni mwa Januari 2001, khasa katika Pemba, askari walipiga risasi waandamanaji. Tume ya Serikali yenyewe ilihesabu waliokufa kuwa ni 31, na watafiti wa haki za binadamu walitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Watu wapatao 2,000 walipanda ngalawa na mashua wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile, leo ni mzazi. Ukimwambia, "Polisi ni rafiki yako," yeye hukumbuka bahari.

Na katika siku za uchaguzi wa 2015 na uchaguzi wa marudio wa 2016, raia walilalamika juu ya vikundi vya watu waliofunika nyuso, waliopita mitaani wakipiga watu, nao raia wakawapa jina la mazombi. Basi yule jirani aliyetia komeo, je, tumlaumu?

NANI HUMCHAGUA MLINZI?

Tuje sasa katika utaratibu wa siku zetu hizi.

Polisi katika nchi yetu ni jambo la Muungano. Zanzibar ina Kamishna wake, lakini jeshi ni moja. Mwaka 2006, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati ule, Bwana Said Mwema, ilianza kuhubiriwa falsafa ya Polisi Jamii, na pamoja nayo ulinzi shirikishi. Maana yake ni kwamba polisi na raia washirikiane kuzuia uhalifu kabla haujatendeka, kuliko kungoja utendeke ndipo gari lije. Baadaye tukasikia askari wakipangiwa kata kwa upande wa bara, na shehia kwa upande wetu.

Nasema wazi mbele yenu kwamba fikra hiyo ni njema. Zanzibar ilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773 katika mwaka 2022, waliotawanyika katika mikoa 5 na wilaya 11, na wengi wao hulala mbali na kituo. Wazee wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka. Gari la polisi likitoka wilayani baada ya kupigiwa simu, mwizi wa karafuu mbichi amekwisha kuzianika kwake, na mwizi wa ng'ombe nyama yake imekwisha kufika sokoni. Hapana budi fimbo iwe karibu.

Lakini iko wapi kasoro? Kasoro imo katika suala dogo: nani humchagua mlinzi?

Katika shehia, mwenye neno ni sheha. Na sheha, kwa mujibu wa sheria ya tawala za mikoa, huteuliwa kutoka juu. Wanakijiji hawampigii kura, na hawawezi kumwondoa. Sheha huyo ndiye aandikaye barua ya kukutambulisha, ndiye atambuliwaye kuwa shahidi wa ukaazi wako, ndiye ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilalamikiwa katika uandikishaji wa wapiga kura. Sasa mtu huyo huyo akishika na orodha ya walinzi wa usiku, mwananchi aliyewahi kukhitilafiana naye atampelekea vipi khabari ya mwizi? Sisemi kwamba masheha wote ni wabaya. Namjua sheha mmoja ambaye hulala na viatu mguuni wakati wa mavuno ili awahi kutoka akiitwa, na watu wa kila chama humheshimu. Nasema kwamba utaratibu ambao uzuri wake hutegemea bahati ya kupata mtu mwema, huo si utaratibu.

Wenzetu wa bara wana mfano wa jambo hilo. Katika siku za chama kimoja, viongozi wa nyumba kumi kumi walikuwa ni watu wa chama na ni watu wa usalama wa mtaa kwa pamoja. Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, mabalozi wale wakabaki kuwa watu wa chama chao. Kenya nao, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, walitangaza Nyumba Kumi yao, na suala likawa lile lile: je, huyu anayeandika majina ya majirani, anaiandikia amani au anamwandikia bwana mkubwa? Pale raia alipopata jawabu njema, alishirikiana. Pale alipoingiwa na shaka, alinyamaza.

FUNZO LA USUKUMA

Wako vijana miongoni mwetu wasemao, "Basi tuachane na sheha na polisi, tujilinde wenyewe." Vijana wangu, nisikilizeni niwape kisa cha kweli.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi katika Usukuma na Unyamwezi. Polisi walikuwa wachache, na wananchi waliwashuku baadhi yao kula pamoja na wezi. Kiasi cha mwaka 1981 na 1982, wanakijiji wenyewe waliunda ulinzi wao ulioitwa sungusungu. Walichagua viongozi wao, walishika pinde na mishale, na ukunga ulipopigwa kijiji hiki kiliamsha kijiji cha pili, na cha pili kikaamsha cha tatu. Asiyetoka alitozwa faini au alitengwa. Wizi wa ng'ombe ukapungua. Mwalimu Nyerere aliwasifu, na mwaka 1989 sheria ilitungwa ya kuwatambua.

Hiyo ndiyo nusu ya kisa, na ni nusu tamu. Nusu ya pili ni chungu. Mkono ule ule uliowakamata wezi, pahala pengine uliwapiga watuhumiwa mpaka wakafa, na uliwaangukia wanawake wazee waliosingiziwa uchawi bila ya shahidi wala mahkama. Watu wale hawakuanza kwa ubaya. Walianza kwa kuwa wamedhulumiwa, kama sisi. Lakini mtu akishika rungu usiku na asiwe na wa kumwuliza asubuhi, hapiti muda ila rungu lile humpiga asiye na hatia. Leo mwizi, kesho mgomvi wake wa mpaka wa shamba, kesho kutwa mtu wa chama kingine.

Kwa hivyo ulinzi wa kweli unahitaji vitu viwili kwa pamoja. Unahitaji ukaribu wa sungusungu, na unahitaji mpaka wa sheria. Ukaribu bila ya sheria ni dhulma ya jirani, na sheria bila ya ukaribu ni fimbo ya mbali.

Na mambo hayo mawili yaweza kukutana. Katika Japani, vijiji vina vituo vidogo viitwavyo chuzaisho, ambamo askari huishi pamoja na mkewe na watoto wake, nyumba na ofisi chini ya paa moja. Watoto wake husoma skuli moja na watoto wa kijiji. Askari wa namna hiyo hawezi kumwonea jirani yake usiku kisha asubuhi akakutana naye njiani bila ya kuinamisha macho. Jambo hilo halihitaji utajiri wa Japani. Linahitaji nyumba moja na nia njema.

MUHALI

Sasa, ndugu wananchi, nimesema juu ya Serikali na nimesema juu ya vijana. Niruhusuni niseme juu yetu sisi wazee na wazazi, ijapokuwa maneno yatawasha.

Mwizi wa ng'ombe tunampigia ukunga. Je, mwizi wa heshima ya mtoto, tunampigia? Mara ngapi mtoto wa kike au wa kiume amedhalilishwa ndani ya kijiji, mama yake akalia, na wazee wakakutana barazani wakasema, "Tusitangaze, huyu ni mtoto wa fulani, tumeoleana, ni muhali"? Mara ngapi fedha zimepita chini ya mkeka, au ndoa imefungwa kwa haraka, na mhalifu akaendelea kupita mbele ya nyumba ya mtoto yule kila siku akimtolea salamu?

Mwaka 2021 zilianzishwa mahkama maalumu za kusikiliza kesi za udhalilishaji katika Unguja na Pemba. Na polisi wana madawati ya jinsia na watoto. Hayo ni mambo ya kushukuriwa, hata yakiwa yamefanywa na Serikali tusiyokubaliana nayo kwa mengine. Lakini mahkama haina macho yake. Mahkama huona kwa macho ya shahidi, na shahidi ni wewe na mimi. Shahidi akiona muhali, hakimu atafanya nini ila kuifuta kesi?

Muhali ni jambo zuri pale unapotuzuia kumtia jirani aibu kwa deni la pishi ya mchele. Muhali ukitumika kumficha anayeharibu watoto, huo si ujirani tena. Na mjue kwamba jambo hili linaungana na lile la kwanza. Sisi hulalamika, na kwa haki, kwamba polisi hawaaminiki. Lakini nasi pia hatujawa watu wa kuaminiwa na watoto wetu.

TUJITOE AU TUINGIE?

Nafika katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu hapa. Katika vijiji kadhaa wanachama wetu wameulizana: kamati za ulinzi shirikishi zipo chini ya sheha, tujitoe, au tuingie?

Wasemao tujitoe wana hoja yenye nguvu. Husema kwamba tukiingia tutakuwa tunapaka chokaa ukuta uliooza. Husema kwamba majina yetu yatakwisha kuandikwa na kupelekwa mbele. Husema kwamba vijana wetu watasimamishwa kwenye baridi usiku, kisha wakati wa uchaguzi vijana hao hao wapigwe. Siwacheki wasemao hivyo, kwani wako waliopigwa kweli.

Lakini mimi natoa rai tuingie, na nitasema kwa nini. Ng'ombe anayechinjwa bondeni hana kadi ya chama. Mtoto anayedhalilishwa hana kadi ya chama. Tukijitoa, zamu za usiku zitashikwa na upande mmoja tu, na yale tunayoyaogopa ndiyo hasa yatakayokuwa, kwa khiyari yetu wenyewe. Aidha, tumekwisha kuona kwa macho yetu kwamba amani ikikubaliwa juu, faida yake huonekana chini. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, uchaguzi wa 2010 ulipita bila ya mauaji tuliyoyazoea, na katika vijiji vingi watu waliokuwa hawazikani walirudi kuzikana. Lililowezekana mara moja laweza kuwezekana tena, na kwa nini lisianzie chini safari hii?

Basi tuingie, lakini tusiingie kama kondoo. Tuingie na masharti, na masharti hayo tuyaseme hadharani, kwa adabu, mbele ya sheha na mbele ya askari wa shehia. Mimi nayaona kuwa ni matano.

La kwanza, walinzi wa zamu wachaguliwe katika mkutano wa kijiji, mchana, watu wote wakiona, na wanawake wawe na sauti na nafasi ndani yake. Sheha aandike majina yaliyochaguliwa, asiyachague yeye.

La pili, mlinzi awe na uso wazi na ajulikane kwa jina. Daftari la zamu libandikwe pahala pa wazi, ili kila mtu ajue usiku wa leo nani yuko nje. Yeyote atakayefunika uso usiku, huyo si mlinzi, hata akisema ametumwa na nani. Na mlinzi asiulize kadi ya mtu, wala asivae rangi ya chama, chetu kikiwemo.

La tatu, mkamatwa asipigwe. Sheria humruhusu raia kumkamata amwonaye akitenda kosa, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila ya kuchelewa. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema mtu asihesabiwe mkosa mpaka ithibitike. Iandikwe saa aliyokamatwa, aliyemkamata, na saa aliyokabidhiwa. Kijana wetu atakayempiga mtu aliyekwisha fungwa kamba, sisi ndio tuwe wa kwanza kumpeleka kituoni.

La nne, mchango wa ulinzi uwe wa hiari, na hesabu yake isomwe barazani kila mwezi, senti kwa senti. Ulinzi mwingi umekufa kwa sababu ya fedha ya tochi na viatu isiyojulikana imekwenda wapi.

La tano, askari wa shehia aje kijijini, akae barazani angalau mara moja kwa mwezi, na khabari zirudi. Mwananchi aliyepeleka khabari ya wizi ana haki ya kuambiwa kesi yake imefika wapi. Hakuna kinachoua amana kama kupeleka khabari leo, na kesho kutwa ukamwona uliyemtaja anapita mbele ya mlango wako akikucheka, na wewe hukuelezwa lolote.

Masharti haya hayahitaji sheria mpya wala fedha za mfadhili. Yakikubaliwa, tutakuwa tumepata ulinzi. Yakikataliwa, basi kila mwananchi, wa chama chochote, atajua nani aliyeukataa ulinzi wa kijiji, na kwa nini. Tukijitoa kabla ya kuyaweka mbele, lawama itakuwa yetu.

Ndugu wananchi, namaliza. Mzee yule aliyechinjiwa ng'ombe yuko hai, na jirani yake pia yuko hai. Wanasalimiana, lakini hawakai tena baraza moja. Hasara ya ng'ombe yule ilikuwa kubwa, kwani kwa maziwa yake alikuwa akimsomesha mjukuu. Lakini ng'ombe hununuliwa mwengine. Baraza iliyovunjika hainunuliwi. Nawaombeni mkitoka hapa, kila mmoja wenu, kabla ya kumwendea sheha na kabla ya kumwendea askari, amwendee kwanza jirani yake wa ukuta kwa ukuta, khasa yule ambaye si wa chama chake, amwambie maneno haya machache: "Nikipiga ukunga usiku, utatoka? Maana wewe ukipiga, mimi nitatoka."

Tukilipata jawabu la suala hilo, tutakuwa tumeanza.